Mihimili Mitatu ya Dola na Haki ya Mwananchi

Mamlaka yote ya nchi yakiwekwa mikononi mwa mtu mmoja, yeye ndiye atakayetunga amri, atakayeitekeleza na atakayemhukumu anayeilalamikia. Mnyonge hatakuwa na pa kukimbilia. Ndiyo maana Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 4, imegawa mamlaka hayo katika sehemu tatu: utendaji, utungaji wa sheria na utoaji haki. Kila sehemu huitwa mhimili.

Serikali, inayoongozwa na Rais, hutekeleza sheria, hukusanya mapato na kutoa huduma. Bunge hutunga sheria, hupitisha bajeti na kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Mahakama hutafsiri sheria na kuamua mashauri; ibara ya 107A imeipa kauli ya mwisho katika utoaji haki.

Mihimili hii haikutengana kabisa, bali hudhibitiana. Mawaziri huteuliwa kutoka miongoni mwa Wabunge, na muswada hauwi sheria bila kibali cha Rais. Hata hivyo, kwa mujibu wa ibara ya 138, Serikali haiwezi kutoza kodi isiyotokana na sheria ya Bunge. Rais huteua majaji, lakini hawezi kumwondoa jaji kwa kuchukizwa na hukumu yake. Sharti kwanza tume iundwe na kuchunguza.

Faida ya mpango huu ilidhihirika katika shauri la umri wa kuolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata miaka 14 kwa idhini ya mahakama. Rebeca Gyumi aliipinga, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikatamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ilikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Raia mmoja aliishinda Serikali kwa kuwa majaji hawapokei amri kutoka kwake. Wakati huohuo, Mahakama haikujiandikia sheria mpya, kwa sababu kazi hiyo ni ya Bunge.

Sura ya mgawanyo huu huonekana hata katika kata. Diwani huwawakilisha wakazi katika Baraza la Madiwani, ambalo hutunga sheria ndogo na kupitisha bajeti ya Halmashauri. Mtendaji wa Kata husimamia utekelezaji. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mashauri.

Kwa hiyo, anayeona kiwango cha ushuru ni kikubwa hupeleka hoja kwa diwani, ili ijadiliwe barazani. Aliyetozwa zaidi ya kiwango kilichowekwa, au aliyenyimwa stakabadhi, huanzia kwa Mtendaji wa Kata, na asiporidhika humwandikia Mkurugenzi. Mwenye mgogoro wa ardhi huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 hupatanisha tu. Upatanishi ukishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Diwani hana mamlaka ya kuamua shamba ni la nani, na Mtendaji naye hana. Mkazi anayelijua hilo hapotezi msimu mzima akizungushwa katika ofisi zisizo na uwezo wa kumpa haki yake.