Usimpumzishe Jirani Ukaumiza Masikio Yako

Ikiwa wewe huchanganya muziki nyumbani, katika chumba cha ploti au fleti, huenda umewahi kugongewa ukuta usiku. Wengi wakigongewa huvaa hedifoni na kuendelea hadi alfajiri. Jirani hulala, lakini mzigo wote huhamia masikioni mwako.

Ndani ya sikio mna maelfu ya chembe ndogo zenye vinyweleo. Hizo ndizo zinazogeuza sauti kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Kelele huzichosha, na ikizidi huziua. Zikishakufa hazioti tena, wala hospitalini hatuna dawa ya kuzirudisha.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Kwa wafanyakazi, wataalamu wengi hushauri kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Hedifoni nyingi zikifunguliwa mpaka mwisho hufika hapo.

Basi ufanye nini?

Kwanza, tumia spika ndogo na uziweke karibu, kama mita moja, usawa wa masikio. Ukiwa karibu huhitaji sauti kubwa.

Pili, usiweke spika sakafuni wala kuziegemeza ukutani, kwani besi hupenya kwenye zege. Tandika sponji nzito au mpira chini yake. Trei za mayai ukutani hupunguza mwangwi tu, hazimkingi jirani.

Tatu, kazi ya besi ifanye mchana. Sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi hafifu, nawe utashawishika kuiongeza kupita kiasi.

Nne, ukivaa hedifoni, usipite asilimia 60 ya sauti yake, na upumzike dakika 10 kila saa.

Masikio yakivuma, au maneno ya watu yakisikika kama yametoka ndani ya mtungi, acha kazi siku hiyo. Hali hiyo ikizidi siku mbili, nenda ukapimwe. Usiposikia tena sauti nyembamba, utaharibu kila wimbo unaougusa bila kujua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa upya, ndugu msomaji, sikio halijengwi.