SINDANO YA INSULINI: KWA NINI SUKARI HAISHUKI?

Somo letu la leo linahusu ugonjwa wa sukari, ambao wengine huuita kisukari. Wako wagonjwa wanaochoma insulini asubuhi na jioni bila kukosa hata siku moja, na bado wakipimwa, sukari iko juu. Basi majirani husema, "Mwili umeizoea dawa. Ongeza!" Neno hilo ni la hatari. Kabla ya kuongeza cho chote, kuna mambo ya kuchunguza, na mengi yako pale pale nyumbani.

Kwanza, insulini ni nini? Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kiungo hiki hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari itoke katika damu iingie mwilini ifanye kazi. Isipokuwapo, sukari hubaki katika damu, mtu hukonda, hunywa maji kupita kiasi na kukojoa mara nyingi. Zamani mtoto aliyepata ugonjwa huu alikuwa ni wa kufa tu. Mwaka 1921 Banting na Best, huko Toronto, Kanada, walifaulu kutoa insulini katika kongosho za mbwa. Januari 1922 ilitolewa ya ng'ombe, akachomwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mahututi. Aliishi miaka 13 zaidi.

JOTO HUIUA DAWA

Insulini haipendi jua, wala haipendi kuganda barafu. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa ndani ya friji, mbali na sehemu ya barafu. Ikiisha kufunguliwa, inaweza kukaa nje mahali pa baridi kwa muda wa wiki 4 hivi. Andika tarehe juu ya chupa siku unapoifungua. Wewe umekwisha kujua kuandika, itumie kalamu yako hapa.

Nasi tusio na friji? Tunao mtungi. Chukua chungu kikubwa, weka mchanga ndani, halafu tumbukiza chungu kidogo katikati. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Tia chupa ya insulini katika mfuko wa nailoni usioingiza maji, iweke katika chungu kidogo, funika, kisha weka vyote kivulini penye upepo. Maji yanapokauka huondoka na joto, kama vile maji ya mtungini yanavyokuwa ya baridi. Njia hii hufaa zaidi sehemu kavu kama Dodoma na Shinyanga kuliko pwani penye unyevu. Usiiweke dawa darini juu ya jiko, wala dirishani.

Insulini iliyo safi kama maji ikiwa na ukungu, itupe. Ile iliyo nyeupe kama maziwa ikiwa na mabonge yasiyochanganyika, itupe pia. Lakini angalia: dawa iliyoharibiwa na joto pengine huonekana nzuri tu kwa macho.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ameandikiwa yuniti 20. Chupa yake imekaa katika joto, nguvu imepungua. Sukari ikipanda, anaongeza mwenyewe hadi 24, halafu 30, halafu 34. Siku ya kliniki anapewa chupa mpya, nzima. Anarudi nyumbani, anachoma 34 zile zile, anashika jembe. Saa chache baadaye anaanguka shambani. Dawa aliyochoma siku hiyo ilikuwa na nguvu yake yote.

CHUPA NA BOMBA VIPATANE

Insulini ya watu tunayopata hospitalini kwetu kwa kawaida ina yuniti 100 katika mililita 1. Bomba lake nalo limeandikwa 100. Lakini duniani ipo pia insulini ya 40, ambayo bado hutumika India, na hata kwa mifugo. Ndiyo, paka na mbwa nao hupata ugonjwa wa sukari na huchomwa insulini! Sasa mtu akichukua bomba la 40 akavuta insulini ya 100 hadi mstari wa 10, amevuta yuniti 25. Hiyo inaweza kuua. Akifanya kinyume, yaani insulini ya 40 kwa bomba la 100, mstari wa 10 humpa yuniti 4 tu, na sukari haitashuka. Soma namba ya chupa, soma namba ya bomba. Zisipolingana, usichome.

Ile nyeupe, iviringishe polepole kati ya viganja kabla ya kuvuta. Usiitikise kama chupa ya soda.

VINUNDU

Pitisha vidole mahali unapochoma. Ukisikia pamevimba au pamekuwa pagumu, hiyo ni sababu nyingine. Kuchoma mahali pamoja kila siku huotesha mafuta chini ya ngozi. Mgonjwa hupapenda kwa sababu hapaumi, lakini dawa iliyochomwa hapo hukawia kuingia mwilini, leo kidogo, kesho nyingi. Hamisha: tumbo, mapaja, makalio. Kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Ila mweleze mganga kwanza, maana mahali pazima dawa hufanya kazi vizuri zaidi, na pengine kipimo itabidi kipunguzwe.

MWILI KUKATAA KWELI

Hali hii ipo. Mwaka 1936 Himsworth, daktari wa London, alionyesha kwamba kuna wagonjwa ambao miili yao huitikia insulini na wengine huitikia kidogo. Unene ni chanzo kikubwa. Nyingine ni mimba iliyokua, kidonda cha mguu, jino bovu, kifua kikuu, na dawa kama prednisoloni. Kidonda kikipona, mahitaji ya insulini hushuka tena. Mgonjwa anayehitaji zaidi ya yuniti 200 kwa siku, huyo madaktari humchunguza kwa makini. Kwa paka pengine hukutwa uvimbe katika tezi iliyo chini ya ubongo. Kwa binadamu ni nadra. Lakini kipimo hupangwa na mganga, akiwa na daftari lako lenye tarehe, saa, yuniti na sukari.

SUKARI IKISHUKA MNO

Hapa watu wa nyumbani wajifunze wote, hata watoto. Jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno yasiyoeleweka: watu hudhani amelewa au amepagawa. Chini ya 4 kwenye kipimo ni hatari. Mpe vijiko 3 vidogo vya sukari katika maji. Ngoja dakika 15; asipopata nafuu, rudia. Kisha ale chakula. Akizimia, usimmiminie kitu kinywani, atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Na mgonjwa akiwa na homa, hali chakula? Asiache insulini yote kwa shauri lake. Aende zahanati siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Nyumbani kwenu ni mahali gani penye ubaridi kuliko pengine pote?
2. Kwa nini chupa mpya inaweza kumwangusha mgonjwa?
3. Mtu amevuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi mstari wa 20. Amevuta yuniti ngapi?

(Jibu la swali la 3: yuniti 50.)