Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujenga Nyumba ya Kuishi

Mwananchi anayekusudia kujenga nyumba Unguja au Pemba anahimizwa kukitembelea kiwanja wakati wa masika, yaani baina ya Machi na Mei, kabla ya kutoa fedha yoyote. Kiwanja kilichoonekana kikavu mwezi wa Januari huweza kuwa bwawa mwezi wa Aprili. Mahali palipopata kulimwa mpunga ni bonde, na maji yatarejea hapo hata kama pamejazwa kifusi.

Uhalali wa ardhi nao usichukuliwe kwa wepesi. Kwa mujibu wa sheria ya ardhi Nambari 12 ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Aidha, kwa mila za visiwani, mwenye minazi na mwenye ardhi huweza kuwa watu wawili mbali mbali. Aliyenunua minazi hajanunua mahali pa kujenga. Eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa kwa kilimo, si kwa kukatwa viwanja. Ni vyema basi muuzaji, mnunuzi, majirani wa pande zote na Sheha wakutane kiwanjani na mipaka ionyeshwe mbele yao, kisha kibali cha ujenzi kipatikane kabla ya msingi kuchimbwa.

Jambo linalosahauliwa mno, nalo ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, ni masafa baina ya kisima na karo la choo. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Unguja imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa na mapango. Katika udongo wa kawaida maji machafu huchujwa kidogo kidogo. Katika mwamba huu hupita upesi mpaka kisimani, yakachukua kipindupindu na homa ya matumbo. Mita 30 zihesabiwe kuwa ni kiwango cha chini, na penye jiwe tupu zizidishwe. Karo liwe upande wa chini wa mteremko, na sakafu yake iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 2 hata wakati wa masika. Karo la jirani nalo lihesabiwe, kwani maji hayajui ua. Katika kiwanja cha mita 15 kwa 20, kona hadi kona ni mita 25 tu. Mwenye kiwanja hicho haifai achimbe kisima, bali ategemee maji ya mfereji na ya mvua. Milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Kwa hiyo bati la mita za mraba 80, ikinyesha milimita 20, hukusanya karibu lita 1,600, kasoro kinachomwagika. Tangi lifunikwe ili lisizalishe mbu.

Kuhusu ramani, pande ndefu za nyumba zielekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta fupi. Madirisha yakabiliane, upepo wa kaskazi na wa kusi upate kupita; nyumba isiyopitisha upepo huwa tanuri.

Mchanga wa pwani usitumiwe katika zege. Mbali na kuharibu fukwe, chumvi yake huozesha nondo, nazo zikivimba hupasua lenta na nguzo baada ya miaka michache. Matofali ya saruji yamwagiwe maji kwa muda usiopungua siku 7 na yawekwe kivulini. Mafundi wengi huyaanika juani kwa haraka ya kuuza, na tofali la namna hiyo humeguka mkononi.

Mwenye fedha za kujenga kidogo kidogo ni bora aanze na vyumba viwili vitakavyoezekwa kuliko kuta za vyumba sita zitakazonyeshewa masika baada ya masika. Ramani ioneshe tangu mwanzo upande utakaoongezwa, na nondo zilizoachwa nje kwa ajili ya nyongeza hiyo zifunikwe kwa saruji hafifu, itakayobomolewa ujenzi utakapoendelea.