Chujio la Anwani: Jinsi Programu Ndogo Inavyofungwa kwa Matumizi ya Umma

Kila seva iliyounganishwa na intaneti huwa na daftari lake la kumbukumbu. Humo huandikwa, mstari baada ya mstari, anwani ya kila kompyuta iliyobisha hodi, saa ilipofika na jambo ililotaka. Seva ya chuo au ya hospitali yaweza kuandika maelfu ya mistari kwa siku moja. Inapovamiwa, msimamizi wake hana budi kuitenga mistari iliyotoka upande wa mvamizi, kisha kufunga mlango wa upande huo. Akikosea katika kutenga, mvamizi huendelea kuingia, na watu wasio na hatia hufungiwa nje.

Makala haya yanaeleza chombo kidogo kinachofanya kazi hiyo, yaani programu iitwayo grepcidr, pamoja na hatua ambazo programu ya aina hiyo hupitia mpaka iingizwe katika mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uitwao Debian. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba kuandika programu ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifunga kwa namna ambayo mtu asiyemfahamu mwandishi wake ataweza kuitegemea.

Anwani na mafungu yake

Katika toleo la nne la kanuni za intaneti, anwani ya kompyuta ni namba yenye biti 32. Kwa hiyo anwani zote zinazowezekana ni 4,294,967,296. Ili isomeke kwa urahisi, namba hiyo hukatwa sehemu nne zenye biti 8 kila moja, na kila sehemu huandikwa kwa tarakimu kati ya 0 na 255. Kwa mfano, 198.51.100.64. Anwani zote zinazoanza na 198.51.100 zimetengwa kwa ajili ya mifano vitabuni, nazo hazipewi mtu yeyote.

Kwa kawaida anwani hazigawanywi moja moja, bali kwa mafungu. Tangu mwaka 1993, fungu huandikwa kwa kutaja anwani yake ya kwanza, kisha alama ya mkwaju, kisha idadi ya biti zisizobadilika. Fungu la 198.51.100.64/26 lina biti 26 za mwanzo zisizobadilika. Biti zinazosalia ni 6, na 2 ikizidishwa yenyewe mara 6 huzaa 64. Basi fungu hilo lina anwani 64, kuanzia 198.51.100.64 hadi 198.51.100.127.

Kwa nini kutafuta herufi hakutoshi?

Tuseme mvamizi anatumia anwani za fungu hilo. Msimamizi aweza kushawishika kutumia chombo cha kawaida cha kutafuta maneno, akakiagiza kileta mistari yote yenye herufi 198.51.100.6. Chombo hicho hulinganisha herufi tu, hakijui hesabu. Kitaleta anwani zinazoishia na 6, na zile zinazoishia na 60 hadi 69, yaani anwani 11. Kati ya hizo, zilizomo katika fungu ni 6 tu, yaani 64 hadi 69. Nyingine 5 ni za watu wengine kabisa. Aidha, anwani 58 za mvamizi, kuanzia 70 hadi 127, zimepita bila kuonekana.

Programu ya grepcidr huifanya kazi hiyo kwa hesabu. Huichukua kila anwani iliyoandikwa katika mstari, huigeuza kuwa namba moja ya biti 32, kisha hupima kama namba hiyo iko kati ya mwanzo na mwisho wa fungu. Haina madirisha wala picha. Mtumiaji huiendesha kwa kuandika amri, kwa mfano:

grepcidr 198.51.100.64/26 kumbukumbu.txt

Akiongeza alama -c ataletewa idadi ya mistari badala ya mistari yenyewe. Akiongeza -v ataletewa mistari iliyo nje ya fungu. Kwa alama -f programu husoma mafungu mengi yaliyoorodheshwa katika faili.

Hatua za kufunga kifurushi

Mfumo wa Debian ulianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, na hutunzwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi. Programu haiingii humo kama ilivyotoka mkononi mwa mwandishi. Yupo mtunzaji wa kifurushi, ambaye ndiye mdhamini wake mbele ya watumiaji.

Hatua ya kwanza ni kuchunguza leseni. Debian hukubali katika hazina yake kuu programu zile tu ambazo kila mtu ameruhusiwa kuzitumia, kuzirekebisha na kuzigawa. Masharti hayo huandikwa katika faili maalumu ndani ya kifurushi.

Hatua ya pili ni kuandika maelezo ya usimamizi. Humo hutajwa jina la programu, kazi yake, mtunzaji wake, na programu nyingine ambazo haiwezi kufanya kazi bila hizo. Kila badiliko huandikwa katika daftari la mabadiliko pamoja na tarehe na jina la aliyelifanya.

Hatua ya tatu ni kuweka kila faili mahali pake. Programu yenyewe huwekwa katika /usr/bin, na mwongozo wake katika /usr/share/man. Waandishi wengi wa programu hupendelea /usr/local, lakini mahali hapo pameachiwa msimamizi wa kila kompyuta, na kifurushi cha Debian hakiruhusiwi kupaingilia.

Hatua ya nne ni kuijenga programu upya, kutoka msimbo wake wa asili, katika mazingira safi yasiyo na kitu ila vile vilivyotajwa. Kitu kilichosahauliwa katika maelezo hudhihirika hapo, kwa kuwa ujenzi hukwama.

Hatua ya tano ni ujenzi kwa kompyuta za aina mbalimbali. Kwa chujio la anwani hatua hii ina uzito wa pekee. Kompyuta nyingi huhifadhi namba zikianza na baiti ndogo, lakini nyingine, kama zile za aina ya s390x, huanza na baiti kubwa, na hata anwani zinaposafirishwa mtandaoni huanza na baiti kubwa. Programu iliyosahau tofauti hiyo yaweza kutoa majibu sahihi katika kompyuta moja na majibu ya uongo katika nyingine, bila kutoa onyo lolote.

Mwishowe mtunzaji hutia saini kwa ufunguo wake wa siri na kukipeleka kifurushi hazinani. Kifurushi kipya hukaguliwa kwanza na wasimamizi wa hazina. Kikikubaliwa huingia katika tawi lisilo imara, na baada ya siku kadhaa, ikiwa hakikuonekana kasoro kubwa, hupita katika tawi la majaribio. Tawi hilo ndilo huzaa toleo imara, ambalo hutolewa takriban kila baada ya miaka miwili.

Mafunzo ya miaka ya karibuni

Utaratibu huo waweza kuonekana mrefu kwa programu ndogo. Matukio mawili yanaeleza sababu yake.

Mwaka 2006, programu ya OpenSSL, inayotengeneza funguo za siri, ilirekebishwa ndani ya Debian ili kuondoa onyo lililokuwa likitolewa na chombo cha ukaguzi. Mistari iliyofutwa ndiyo iliyokuwa ikiingiza bahati nasibu katika funguo. Tangu hapo, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, chanzo kilichobaki kilikuwa na namba zisizozidi 32,768, idadi ambayo kompyuta huijaribu yote kwa muda mfupi. Kosa hilo lilitangazwa tarehe 13 Mei 2008, na funguo nyingi duniani zikalazimika kutupwa. Funzo lake ni kwamba mtunzaji asirekebishe asichokielewa, tena ampelekee mwandishi wa programu kila rekebisho alikague.

Mwezi Machi 2024, mlango wa siri uligunduliwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili. Kipande kilichouwasha hakikuwamo katika hazina ya wazi ya msimbo. Kilitiwa katika fungu la mafaili lililotolewa kwa ajili ya wafungaji wa vifurushi. Uligunduliwa na mhandisi aliyeona kwamba kuingia katika seva kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Matoleo hayo yalikwisha kufika katika matawi ya Debian ya majaribio na lisilo imara, lakini toleo imara lilinusurika. Muda wa kungoja, ambao wengi huuona kuwa uzembe, ndio uliowakinga.

Hitimisho

Msimamizi wa seva anayeandika amri moja ya grepcidr hana nafasi ya kusoma msimbo wake wakati wa uvamizi. Huamini jibu analopewa na kufunga milango kwa kulifuata. Imani hiyo ina msingi tu ikiwa yupo aliyekagua leseni, akajenga upya, akajaribu, akatia saini, na akabaki tayari kuulizwa.

Maswali ya kujipima

1. Fungu la 198.51.100.128/27 lina anwani ngapi, na anwani yake ya mwisho ni ipi?
2. Je, anwani 198.51.100.100 imo katika fungu la 198.51.100.64/26? Eleza kwa kuandika biti 8 za sehemu ya mwisho.
3. Kwa nini kifurushi hujengwa upya badala ya kuchukua programu iliyokwisha kujengwa na mwandishi?