Parasetamoli, Ini na Mkazo wa Oksidisho

Swali: Parasetamoli ni dawa salama ya homa na maumivu ikimezwa kwa kipimo. Eleza kwa nini dawa hiyohiyo ikizidishwa huharibu ini. (Alama 10)

Maelezo

Anza na maana. Seli inapotumia oksijeni hutengeneza pia kiasi kidogo cha molekuli kali, ambazo hunyakua elektroni kutoka kwenye mafuta, protini na DNA. Vizuia oksidisho huzituliza. Molekuli hizo zikizidi uwezo wa vizuia oksidisho, seli huwa katika mkazo wa oksidisho. Katika ini, kizuia oksidisho kikuu ni glutathioni, iliyojengwa kwa asidi amino tatu. Mojawapo, sisteini, ina salfa, na salfa hiyo ndiyo inayofanya kazi.

Sasa fuata dawa yenyewe. Mtu akimeza vidonge viwili vya miligramu 500, ini hubadilisha sehemu kubwa ya dawa kuwa kemikali zisizo na madhara, zikatoka kwa mkojo. Sehemu ndogo hubadilishwa na vimeng'enya vya kundi la P450 kuwa sumu iitwayo NAPQI. Glutathioni huidaka mara moja, na mtu hahisi lolote.

Dozi ikizidi sana, njia ile salama huelemewa. Dawa nyingi zaidi hupitia P450, NAPQI huongezeka, na glutathioni hutumika haraka kuliko inavyotengenezwa. Akiba ikikaribia kwisha, NAPQI hunata kwenye protini za seli, hasa za mitokondria. Mitokondria zilizojeruhiwa huzalisha molekuli kali nyingi, wakati ambapo glutathioni ya kuzituliza haipo. Usiishie kuandika kwamba dawa inaua seli. Onyesha mambo yote mawili, sumu kuongezeka na kinga kupungua.

Angalizo

Jambo hili ni la mtihani na la nyumbani pia. Siku ya kwanza mtu aliyezidisha dozi anaweza kuwa na kichefuchefu tu, au asihisi kitu, huku ini likiendelea kuharibika. Asisubiri dalili, awahishwe hospitali. Kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo soma pakiti na uzihesabu. Mlevi wa kila siku, au mtu ambaye hajala vizuri kwa muda mrefu, ana glutathioni kidogo, na hatari kwake huanza mapema zaidi.

Hospitalini hutumika asetilisisteini, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 baada ya kumeza.

Swali la nyongeza: Kwa nini mgonjwa hapewi glutathioni yenyewe? (Alama 2)

Jibu: Glutathioni haipenyi vizuri kuingia kwenye seli za ini. Asetilisisteini huingia, huipatia seli sisteini, na seli hujitengenezea glutathioni yake.