UFAHAMU NA UFUPISHO: BAISKELI YA UMEME BARABARANI

Neno kwa mtahiniwa

Watahiniwa wengi hupoteza alama katika ufahamu kwa sababu hujibu kwa yale wanayoyajua badala ya yale yaliyoandikwa. Kosa hili hutokea zaidi pale habari inapohusu jambo la kila siku. Kila mtu anaijua baiskeli, hivyo akiulizwa juu yake hujibu kabla hajamaliza kusoma.

Habari ifuatayo ni ya namna hiyo. Isome mara mbili. Mara ya kwanza tafuta wazo kuu. Mara ya pili piga mstari chini ya kila fasili, kila tarakimu na kila neno la masharti kama vile "iwapo", "hata" na "pale tu". Katika habari inayogusa sheria, maneno hayo madogo hubeba maana kubwa.

Habari

(1) Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima ya Uluguru, ambayo kilele chake kirefu kinazidi mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Kutoka milimani hushuka mboga za Mgeta na ndizi za Kinole na Matombo. Mwenye baiskeli ya kawaida huteremka na mzigo akiwa ameshikilia breki, na wakati wa kurudi huisukuma kwa mikono huku jasho likimtoka. Kwa mtu kama huyo, baiskeli ya umeme, yaani baiskeli yenye mota ndogo na betri ya kuchaji, ni jambo la kuvutia. Nchini Uganda, katika mji wa Jinja, shirika la FABIO limekwisha kuziingiza baiskeli za aina hiyo katika kazi ya kubeba abiria na mizigo.

(2) Mvuto wa kwanza ni gharama. Betri ya volti 36 yenye ujazo wa ampea-saa 10 hutunza wati-saa 360, yaani uniti 0.36 za umeme. Tukikadiria uniti moja kwa shilingi 400, kuijaza betri hiyo kunagharimu shilingi 144. Fedha hiyo haitoshi kununua hata sehemu moja ya kumi ya lita ya petroli.

(3) Hata hivyo, bei ya umeme isimdanganye mnunuzi. Tuseme mwendeshaji ana kilo 60, baiskeli kilo 25 na mzigo kilo 15, jumla kilo 100. Akipanda mlima kwa kimo cha mita 600, anahitaji nishati ya jouli 600,000 kuushinda uzito peke yake. Kwa kuwa wati-saa moja ni sawa na jouli 3,600, hiyo ni takribani wati-saa 167, karibu nusu ya betri yote. Bado hatujahesabu msuguano wa matairi, upepo, na nishati inayopotea kama joto ndani ya mota. Betri inayomfikisha mtu mbali katika barabara tambarare ya Kihonda inaweza kumwishia njiani akiwa anapanda mlima.

(4) Mvuto wa pili, ambao ni wa hatari zaidi, ni maneno ya baadhi ya wauzaji: "Hii ni baiskeli tu, haihitaji leseni." Je, ni kweli? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaitambua baiskeli kuwa ni chombo chenye angalau magurudumu mawili kinachosukumwa kwa nguvu ya misuli ya waliokipanda pekee. Neno "pekee" linaiacha nje mota ya aina yoyote. Baadaye nchi nyingi zililegeza fasili hiyo. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli iwapo imetimiza masharti matatu: nguvu ya mota haizidi wati 250; mota husaidia pale tu mwendeshaji anapokanyaga pedeli; na msaada huo hukatika mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Isiyotimiza hata sharti moja huingia katika kundi la vyombo vya moto.

(5) Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati barabarani kulikuwa na baiskeli ya miguu upande mmoja na vyombo vya injini upande mwingine. Sheria hiyo inakitambua chombo cha moto kwa kigezo kwamba kinajiendesha chenyewe. Kwa hiyo, baiskeli inayokwenda kwa kukunja kishikio cha usukani, mguu ukiwa haujagusa pedeli, iko karibu zaidi na pikipiki, hata kama muuzaji ameiita baiskeli. Na chombo cha moto huja na wajibu wake: usajili, leseni ya udereva, bima ya kumkinga mtu wa tatu, na kofia ngumu. Kijana aliyetumia mtaji wake wote kununua chombo asichoweza kukisajili amenunua mzigo. Akimgonga mtu bila bima, fidia itatoka mfukoni mwake au kwa wazazi wake. Kabla ya kulipa, mnunuzi amtake muuzaji aandike mambo matatu: mota ina wati ngapi, mwendo wake wa juu ni upi, na kama inakwenda bila kukanyagwa. Karatasi hiyo aipeleke kwa askari wa usalama barabarani na ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA), aulize, ndipo alipe.

(6) Iwe imesajiliwa au la, barabara haina huruma kwa mtu wa magurudumu mawili. Msamvu ni mahali zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana. Mwendeshaji akae kushoto. Akifika kwenye kipita shoto, awapishe waliomo ndani wanaotoka upande wake wa kulia. Kabla ya kukata kona, atazame nyuma na aoneshe ishara kwa mkono. Asining'inie kwenye lori ili avutwe kupanda mlima, hata betri ikiwa imekwisha. Asimame kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Avae kofia ngumu. Usiku awe na taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kiakisi mwanga. Zaidi ya yote, apige kengele, maana mota ya umeme haina sauti, na mtembea kwa miguu aliyezoea kusikia mlio wa bodaboda hatajua kwamba kuna chombo nyuma yake.

(7) Hatari ya mwisho iko kwenye mteremko. Nishati ile ya jouli 600,000 iliyotumika kupanda haikupotea. Wakati wa kushuka lazima imalizwe, na sehemu kubwa humalizwa na breki kwa kugeuka joto. Mzigo unapoongezeka, kazi ya breki nayo huongezeka. Anayeshuka kutoka Uluguru apunguze mwendo mapema, kabla ya kona, na abonyeze breki zote mbili kwa vipindi badala ya kuzishikilia moja kwa moja hadi zikapata moto. Wakati wa masika, barabara ya udongo inapoteleza, ateremke taratibu zaidi. Mota imemwongezea mwendeshaji nguvu ya kwenda. Haikumwongezea ngozi ya chuma.

Maswali

1. Andika kichwa cha habari kinachofaa, kisichozidi maneno matano.
2. Kwa nini mwandishi anasema bei ya umeme isimdanganye mnunuzi?
3. Eleza tofauti kati ya fasili ya baiskeli katika Mkataba wa Vienna na ile ya Umoja wa Ulaya.
4. Baiskeli fulani ina mota ya wati 250, na mota hiyo hujizima mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Hata hivyo, inaweza kwenda bila kukanyagwa. Kwa vigezo vya Umoja wa Ulaya vilivyotajwa katika habari, je, hiyo ni baiskeli? Toa sababu.
5. Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika habari: (a) mtaji (b) amenunua mzigo (c) ngozi ya chuma.
6. Fupisha aya ya 6 na ya 7 kwa maneno yasiyozidi 60.

Majibu na maelezo

Swali la 1. "Baiskeli ya Umeme na Sheria" au "Hadhari kwa Mnunuzi wa Baiskeli". Kichwa kama "Mji wa Morogoro" hakifai kwa kuwa Morogoro ni mahali tu habari ilipowekwa. Kichwa kama "Faida za Baiskeli ya Umeme" hakifai pia, kwa sababu sehemu kubwa ya habari inatoa tahadhari. Hesabu maneno ya kichwa chako kabla ya kuendelea.

Swali la 2. Kwa sababu kupanda mlima hula nishati nyingi. Katika mfano uliotolewa, kupanda kimo cha mita 600 kwa uzito wa kilo 100 huchukua karibu nusu ya betri, mbali na nishati inayopotea kwa msuguano, upepo na joto. Hivyo betri yaweza kuisha njiani. Mtahiniwa anayejibu "kwa sababu umeme hukatika mara kwa mara" anaweza kuwa amesema kweli, lakini jambo hilo halimo katika habari, na hapati alama.

Swali la 3. Mkataba wa Vienna unataka baiskeli isukumwe kwa nguvu ya misuli pekee, hivyo hauiruhusu mota. Umoja wa Ulaya unairuhusu mota iwapo imetimiza masharti matatu: haizidi wati 250, husaidia pale tu pedeli inapokanyagwa, na hukata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa. Swali linataka tofauti, hivyo jibu lazima litaje pande zote mbili. Atakayeorodhesha masharti ya Ulaya peke yake amejibu nusu ya swali.

Swali la 4. Hapana. Imetimiza masharti mawili ya kwanza yaliyotajwa katika swali, lakini imeshindwa sharti la kwamba mota isaidie pale tu pedeli inapokanyagwa. Habari inasema isiyotimiza "hata sharti moja" huingia katika vyombo vya moto. Hapa kuna mtego. Baadhi ya wasomaji huelewa kwamba chombo lazima kishindwe masharti yote matatu ndipo kiondolewe kwenye kundi la baiskeli. Iangalie sentensi yenyewe: masharti yote matatu yanadaiwa kwa pamoja, hivyo likikosekana moja, fasili imevunjika. Jibu la "hapana" bila sababu halikamiliki.

Swali la 5. (a) *Mtaji*: fedha aliyo nayo mtu kwa ajili ya kuanzisha au kuendesha shughuli ya kumpatia kipato. (b) *Amenunua mzigo*: amenunua kitu kitakachomletea taabu badala ya faida. Asiyetazama muktadha ataandika "amenunua bidhaa za kubeba". Hiyo ni maana ya kawaida, na hapa neno limetumika kwa maana ya picha. (c) *Ngozi ya chuma*: kinga ya mwili dhidi ya ajali. Mwandishi ana maana kwamba mwendeshaji bado anaweza kuumia kama mwendesha baiskeli mwingine yeyote.

Swali la 6. Kwanza orodhesha hoja: kukaa kushoto, kupisha, ishara, kutoning'inia, vifaa, kengele, breki kwenye mteremko. Kisha acha mifano na majina ya mahali. Unganisha hoja kwa maneno yako mwenyewe:

*Mwendesha baiskeli ya umeme akae kushoto, awapishe wanaotoka kulia kwenye kipita shoto, aoneshe ishara kwa mkono na asining'inie kwenye lori. Avae kofia ngumu, awashe taa na apige kengele kwa kuwa chombo chake hakina sauti. Kwenye mteremko apunguze mwendo mapema na abonyeze breki kwa vipindi, kwani mzigo huongeza kazi ya breki.* (Maneno 50)

Tazama kwamba Msamvu, Zambia na jouli 600,000 hazimo. Si kwamba hazina maana. Ni mifano ya kuthibitisha hoja, na ufupisho hubeba hoja.

Zoezi la nyongeza

Baada ya mtihani wa mwisho, wengi wenu mtatafuta shughuli ya kufanya mkisubiri matokeo, na huenda chombo kama hiki kikawa miongoni mwa mnavyovifikiria. Andika insha ya hoja yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 kuhusu mada hii: "Baiskeli zote za umeme nchini zisajiliwe kama pikipiki." Chagua upande mmoja. Toa hoja tatu, kila moja katika aya yake, na utaje angalau hoja moja ya upande wa pili kisha uijibu. Mwalimu wako akikusahihisha, mwombe aangalie jambo hili kwanza: je, katika aya ya utangulizi umesema wazi unaposema "baiskeli ya umeme" una maana ya chombo gani? Usipoweka fasili hapo, msomaji hatajua unazungumzia ile inayosaidia miguu au ile inayokwenda yenyewe, na hoja zako zote tatu zitayumba.