Sijala Kitu, Mbona Sukari Imepanda?

Mgonjwa wa kisukari anafika zahanati asubuhi. Hajala kitu tangu jana jioni. Hata chai hajanywa. Anatobolewa kidole, damu inapimwa, na sukari inaonekana imepanda. Anashangaa. Anasema, "Daktari, kipimo chako ni kibovu. Mimi sukari nimeacha." Mwingine hufikiri amelogwa. Anarudi nyumbani na kuacha dawa.

Kipimo si kibovu. Wala hakuna aliyemloga. Leo tujifunze sukari hiyo imetoka wapi.

SUKARI NI KUNI ZA MWILI

Ugali, wali, muhogo, viazi na ndizi vikishasagwa tumboni hugeuka kuwa sukari. Sukari hiyo huitwa glukosi. Damu huichukua na kuipeleka mwili mzima. Ni kama kuni. Mwili huichoma ili upate nguvu.

Lakini damu haitaki sukari nyingi. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ina sukari ya kiasi cha kijiko kimoja tu cha chai. Sehemu nne za mwili hushirikiana kulinda kiasi hicho.

1. KONGOSHO. Lipo nyuma ya mfuko wa chakula. Hutengeneza insulini. Insulini ni mjumbe. Tukila, sukari huongezeka katika damu, na kongosho humtuma mjumbe huyo kwa sehemu nyingine.

2. INI. Hili ni ghala. Tukila, ini hupokea sukari na kuiweka akiba. Usiku tukilala, hutoa akiba hiyo kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula. Akiba ikipungua, ini hutengeneza sukari mpya lenyewe. Mjumbe insulini akifika huliambia ini, "Inatosha. Funga ghala."

3. MISULI. Hii ni nyama ya mapaja, mikono na mgongo. Ni mlaji mkubwa. Insulini ikibisha hodi, misuli hufungua mlango na kuchukua sukari nyingi. Nayo huweka akiba, lakini haiirudishi katika damu. Huitumia yenyewe.

4. MAFUTA YA MWILI. Hili ni ghala la siku nyingi. Chakula kikizidi, huwekwa hapo. Tukikaa na njaa, mafuta hutolewa yakaupe mwili nguvu.

UGONJWA UNAANZAJE?

Kisukari cha aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hukosea na kuharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Mjumbe hayupo tena. Zamani watoto hao walikufa. Mwaka 1922, mjini Toronto, nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa sindano ya insulini. Mpaka leo, mtoto wa aina hii akiachishwa sindano atakufa.

Kisukari cha aina ya pili ndicho kinachowapata watu wengi zaidi. Hapa mjumbe yupo, lakini hasikilizwi. Mafuta yakizidi tumboni, na mengine yakiingia ndani ya ini na misuli, sehemu hizo huwa kama viziwi. Misuli haifungui mlango vizuri. Ini halifungi ghala. Kongosho hutuma wajumbe wengi zaidi, mpaka mwisho huchoka. Ugonjwa huu pia hufuata ukoo, na mtu mwembamba naye anaweza kuupata.

Sasa umepata jibu. Mgonjwa wetu alilala, lakini ini lake halikulala. Usiku kucha lilimwaga sukari katika damu, ingawa damu ilikuwa imejaa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tupime mapema. Kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kukonda, uchovu, macho kufifia na vidonda visivyopona ni dalili. Lakini wengine hawaoni dalili yoyote. Kabla ya kula, kipimo cha milimoli 7 kwa lita au zaidi huonyesha kisukari. Kama huna dalili, kipimo hurudiwa ili kupata hakika.

Pili, tuifanyishe misuli kazi. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata kama insulini ni kidogo. Kulima, kutwanga na kutembea ni dawa.

Tatu, tupunguze tumbo. Kuacha sukari ya chai ni vizuri, lakini hakutoshi. Mlima wa ugali nao ni sukari. Punguza ugali, ongeza mboga na maharage.

Nne, tusiache dawa. Vidonge vya metformini hulifanya ini lipunguze kutoa sukari. Ndiyo maana unaambiwa umeze hata kama hukuonja kitu kitamu. Anayechoma insulini asiache, hata akiugua homa. Aje haraka apewe ushauri.

Tahadhari: insulini na vidonge vingine vinaweza kushusha sukari mno. Mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, mpe maji ya sukari upesi ikiwa anaweza kumeza. Kisha mpeleke zahanati. Akizimia, usimnyweshe kitu. Mkimbize.

Ndugu msomaji, kama jirani yako ameacha dawa kwa kudhani amelogwa, msomee somo hili leo. Akichelewa, anaweza kupoteza macho, figo au mguu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ini hufanya kazi gani usiku?
2. Kwa nini kuacha sukari ya chai peke yake hakutoshi?
3. Ni kazi zipi kijijini kwetu zinazosaidia misuli kuchukua sukari?